Mali Bila Daftari

Watu wengi hudhani kuwa biashara ya jamaa hustawi kwa sababu ya damu. Husema kuwa ndugu hamwibii ndugu, na mtoto hafanyi kazi ya babake kwa kuhesabu saa. Nami nalidhani hivyo katika ujana wangu, mpaka duka la baba liliponifundisha mengine.

Duka letu lilikuwa karibu na Marikiti, Mombasa. Tuliuza mchele, maharagwe na viungo. Tulifanya kazi sote tangu alfajiri hata magharibi, na wanunuzi hawakuwa haba. Lakini kila mwisho wa mwezi baba alikopa ili alipe kodi. Jitihada ilikuwa nyingi, faida haikuonekana.

Sababu ilikuwa kisanduku cha fedha. Mama alitoa humo fedha ya kitoweo, ami alitoa nauli, na mimi, mwana wa kwanza niliyekabidhiwa ufunguo, nilitoa zaidi ya wote. Sikujiona mwizi, nilijiona mrithi.

Mwaka 1981 dada yangu mdogo, aliyekuwa kidato cha tatu, alinunua daftari akaandika kila kilichoingia na kila kilichotoka kwa muda wa mwezi mmoja. Kisha usiku mmoja akamsomea baba. Jina langu lilitajwa mara kumi na tisa. Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alinyosha mkono, nikampa ufunguo, naye akampa dada.

Tangu siku ile kila mmoja wetu alilipwa ujira wake siku ya Ijumaa, hata baba mwenyewe, na hapana aliyegusa fedha ya duka bila ya kuandikwa. Nilinuna kwa miezi mingi. Lakini mwaka haukuisha ila baba alikuwa amelipa madeni yake; nami, nilipotambua kuwa ujira wangu hautokani na kuzaliwa kwangu bali na kazi yangu, nikaanza kufika dukani kabla ya wengine.

Baadaye nilisoma habari za Kongo Gumi, wajenzi wa mahekalu wa Osaka, Japani. Kazi yao ilianza mwaka 578, ikaongozwa na ukoo mmoja kwa zaidi ya miaka 1,400. Mwana wa kwanza asipofaa, uongozi ulipewa mwingine, hata mkwe aliyekubali kuchukua jina la ukoo. Hata hivyo, mwaka 2006, walipolemewa na madeni, kazi yao ilichukuliwa na kampuni nyingine. Ukale wa ukoo haukulipa deni.

Basi, msomaji, damu huleta uaminifu na uvumilivu, na huo ni mtaji mwema. Lakini mtaji huo nao wataka hesabu, na kila kazi yataka aiwezaye. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ufunguo ule haujarudi mkononi mwangu hata leo, wala sijapata kuuomba.