Manukato na Maji

Nakaa Eastleigh, ambako moshi wa udi hutoka madukani hata ukafika barabarani. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alikosa masomo siku nne. Alikuwa ameona harufu ngeni mwilini mwake, akajiosha ndani kwa sabuni ya manukato, harufu ikazidi. Nikamwambia, “Mwanangu, uke hujisafisha wenyewe. Vijidudu vyema vilivyomo hutengeneza asidi inayozuia vile vibaya. Sabuni huvipunguza vile vyema. Nje, maji safi yatosha.” Harufu kidogo ni ya maumbile. Ikiwa kali kama ya samaki, au ikifuatana na kuwashwa, yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wenye dawa. Mamaye alimpeleka zahanati, akapona. Kilichomchelewesha ni aibu, wala si maradhi.