Kompyuta iliyovunjwa kwa amri, ikarudi kwa picha nane

Watu wengi wakifika London hukimbilia kupiga picha mbele ya Big Ben, wakimaliza wanazama madukani kusaka viatu vya bei ya kutupwa. Si vibaya, kila mtu na starehe yake. Lakini msomaji, siku ukiwa huko na nauli bado iko mfukoni, nenda stesheni ya Euston, panda treni ya kwenda kaskazini, shuka Bletchley. Ni kama kilomita 80 tu. Mji wenyewe hauna mbwembwe: nyumba za matofali, baa, manyunyu ya mvua. Kinachokupeleka kule ni jengo moja refu, la chini, lisilo na sura ya kumvutia mtu, linaloitwa Jengo H. Humo ndimo ilimo makumbusho ya taifa ya kompyuta ya Waingereza.

Jirani yake kuna jumba la kifahari na vibanda ambamo wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walikesha wakifumbua barua za siri za Wajerumani. Huko kuna tiketi yake, na huku kuna ya kwake, kwa hiyo usije ukalipa mlango mmoja ukadhani umelipa yote. Na msomaji wa Mombasa asijione yuko mbali na habari hizi. Mwaka 1942 tawi la kazi hiyo hiyo lilihamishwa kutoka Colombo likaletwa Kilindini, likapewa majengo ya shule ya Allidina Visram, na mpaka mwaka 1943 wataalamu wake walikuwa pale wakifumbua siri za jeshi la maji la Japani. Bahari ile ile unayoipitia kwa feri!

Basi, ukiingia Jengo H kitu cha kwanza kukupokea ni joto. Cha pili ni harufu ya vumbi lililopashwa moto, ile ile iliyokuwa ikitoka nyuma ya redio ya mbao ya babu. Mbele yako linasimama dude kubwa kama ukuta wa nyumba, limejaa nyaya na valvu, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya kaa la moto. Pembeni utepe wa karatasi wenye matundu unakwenda mbio kwenye magurudumu kama mkanda wa mashine ya kusaga unga. Hiyo ndiyo Colossus. Utepe wake husomwa kwa kasi ya herufi 5,000 kwa sekunde moja.

Colossus ya kwanza iliundwa na fundi wa Posta aliyeitwa Tommy Flowers, ikaanza kazi Bletchley mwanzoni mwa mwaka 1944. Kazi yake ilikuwa kusaidia kufumbua siri za Lorenz, mashine waliyotumia wakubwa wa jeshi la Hitler kutumiana habari. Wataalamu wengi waliona valvu zaidi ya 1,500 haziwezi kufanya kazi pamoja bila kuungua ovyo. Flowers alijua jambo moja la kifundi: valvu huharibika zaidi pale inapowashwa na kuzimwa. Ukiiwasha ukaiacha, inadumu. Wakaiwasha, wakaiacha. Vita ilipokwisha, mashine hizo zilikuwa kumi.

Halafu nini? Zikavunjwa! Amri ilitoka, nyingi zikafumuliwa vipande vipande. Mbili zikabaki kwa kazi za siri za serikali, nazo mwisho wake ukafika kiasi cha mwaka 1960. Michoro Flowers aliambiwa aichome, akaichoma. Inasimuliwa kwamba baadaye aliomba mkopo benki aunde mashine ya namna hiyo, wakamkatalia kwa kuwa hawakuamini kitu kama hicho kinaweza kufanya kazi. Naye alikuwa amekula kiapo, asingeweza kufungua mdomo akasema, "Jamani, mbona nimeshaziunda?" Dunia ikaimba miaka mingi kwamba ENIAC ya Marekani ndiyo iliyotangulia. Siri ilianza kuvuja miaka ya 1970, mzee wa watu ameshastaafu.

Sasa hiyo niliyoiona imetoka wapi? Hapo ndipo anapoingia Tony Sale. Mwaka 1993 alianza kuiunda upya, mkononi ana picha nane za mwaka 1945 na vipande vya michoro ambavyo mafundi wachache walikuwa wamevificha majumbani mwao badala ya kuviteketeza. Hebu fikiria: kama mafundi wale wangekuwa watiifu kabisa, leo tusingekuwa na kitu. Bahati nyingine ni kwamba miaka hiyo mitambo ya zamani ya simu ilikuwa inang'olewa, na vifaa vyake vilikuwa vya aina ile ile aliyotumia Flowers. Takataka ya mmoja ikawa dawa ya mwingine. Mwaka 1996 mashine iliwashwa, na Flowers mwenyewe akiwepo kuishuhudia. Alifariki mwaka 1998. Sale aliendelea nayo hadi ikakamilika mwaka 2007. Mwaka huo huo wakaishindanisha na watu wa nje, na Mjerumani mmoja akaipiku kwa kompyuta yake ya nyumbani. Hakuna aliyenuna. Mtoto kumshinda babu mbio si habari. Habari ni kwamba babu alikimbia. Sale naye alifariki mwaka 2011.

Chumba kingine nilikuta kioja cha namna yake. Kinaitwa Harwell Dekatron, kilianza kazi mwaka 1951 kwenye kituo cha utafiti wa nyuklia, uzito wake tani mbili na nusu. Kinapiga hesabu polepole mno: kuzidisha mara moja tu huchukua sekunde kadhaa, huku swichi zake zikigonga ka-ka-ka kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Lakini hakichoki. Wanasimulia kwamba bingwa mmoja wa hesabu alishindana nacho akiwa na mashine ya mkono, akaenda nacho sambamba kama nusu saa, kisha akanyoosha mikono. Dude likaendelea tu.

Nalo lilinusurika kiajabu. Mwaka 1957 lilipewa chuo cha ufundi Wolverhampton, likafundishia vijana mpaka mwaka 1973, kisha likawekwa kwenye makumbusho ya Birmingham. Mwaka 1997 makumbusho hayo yakafungwa, dude likafunguliwa vipande na kutupwa stoo. Mwaka 2009 lililetwa hapa, wazee wa kujitolea wakalivalia njuga miaka mitatu, na Novemba 2012 likawaka tena.

Wazee hao ndio raha ya safari nzima. Wengi wao walizitengeneza mashine hizi ujanani, leo wana mvi na miwani ya kusomea, na ukiuliza swali moja jiandae kwa majibu ya nusu saa. Niliyekutana naye alinieleza maradhi ya kompyuta kama daktari wa wodini. Kapasita hukauka, hivyo mashine iliyolala miaka mingi haichomekwi ukutani hivi hivi. Umeme hupandishwa kidogo kidogo, kama mgonjwa anavyoanzishiwa uji. Betri iliyosahauliwa ndani huvuja ikala njia za shaba, kwa hiyo ukipata kompyuta ya zamani, bwana, betri iondoe kwanza, mengine baadaye. Disketi huota ukungu. Plastiki ya rangi ya maziwa hugeuka njano kama meno ya mvuta sigara.

Lakini ugonjwa mbaya kuliko yote ni wa programu. Mwaka 1986 Waingereza waliadhimisha miaka 900 ya Domesday, daftari la mali za nchi yao la mwaka 1086. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walichangia habari na picha, zikawekwa kwenye diski kubwa za leza zilizosomwa kwa kompyuta ya BBC Master. Haikupita miaka 20, mashine za kusomea diski hizo zikawa za kutafuta kwa tochi, na wataalamu wakahangaika kweli kuziokoa habari zile. Daftari la ngozi la mwaka 1086? Mpaka leo linasomeka, bora uwe na macho na ujue Kilatini.

Nikawaza ya kwetu. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka kabla kamba haijalegezwa. Waliozitumikia mashine zile za mwanzo, waliotoboa kadi na kubadilisha tepu usiku, waliobaki sasa ni wazee. Vijana wa juzi tulioanzia kwenye disketi nasi tunaota mvi. Ofisi ngapi zina stoo iliyojaa skrini za kichogo na masanduku ya disketi yanayongoja mnada wa mali chakavu? Ndani yake huenda kuna mishahara ya watu, ramani za viwanja, kitabu cha mtu ambacho hakikuwahi kuchapwa.

Si lazima kila mtu afungue makumbusho. Ila kabla mpima kilo wa vyuma chakavu hajapiga hodi, muulize mzee wako aliyefanya kazi Hazina, benki au reli: ile mashine ilikuwaje, iliwashwaje, nani aliijua? Andika jibu kwenye karatasi. Picha nane na michoro michache ya kuficha zilitosha kumrudisha Colossus. Sisi tunazo ngapi?