Tulipokuwa Walimu wa Mtoto Wetu

Wazazi wenzetu, kwa siku nyingi tulidhani ya kuwa kazi ya baba na mama ni kulisha, kuvika na kununua madaftari. Kufundisha ni kazi ya mwalimu. Binti yetu ndiye aliyetutoa katika kosa hilo.

Shule za Kongo zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, tarehe 19 Machi 2020, tulimwacha acheze tu uani. Alirudi darasani mwezi wa Oktoba. Lakini tarehe 18 Desemba shule zikafungwa tena. Ndipo sisi, hapa Bukavu, tukasemezana: safari hii tutamfundisha wenyewe.

Siku ya kwanza alifungua kitabu chake cha darasa la pili, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Tulifurahi kama watu waliovuna bila kulima. Kisha mama akaifunika picha kwa kiganja, akamwonyesha neno moja la katikati. Kimya. Akamwonyesha lingine. Kimya tena. Kumbe mtoto hakuwa anasoma: alikuwa ameyashika kwa moyo maneno aliyoyasikia kwa wenzake. Baba akakasirika, akapiga meza kwa ngumi, akamwita mvivu. Mtoto akajificha nyuma ya mlango akilia, na kwa siku tatu kitabu hakikufunguliwa.

Katika siku zile tatu tulijiuliza: mvivu ni nani? Mtoto alikuwa akilala nyumbani mwetu kila siku, wala hata mara moja hatukuifunika picha.

Basi tukaanza upya. Mama aliandika kwa chaki sakafuni: ma, mo, mu, halafu maji, moto, muhogo, vitu ambavyo mtoto anavijua tangu utoto wake. Hesabu tulizifanya kwa maharage, kumi kumi katika vikombe. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, wala hatukuzidisha. Alipochoka tulibadilishana: yeye mwalimu, sisi wanafunzi, naye alifurahi mno kumsahihisha baba yake.

Jioni moja ya mwezi wa Januari, baba aliandika maneno machache kwenye karatasi, akaiweka kando ya sahani ya mtoto bila kusema lolote. Mtoto akazifuata herufi kwa kidole, akitamka polepole: «Mwanangu, nilikosa. Wewe si mvivu.» Akasoma mara ya pili. Kisha akauliza kama anaweza kuitunza karatasi ile.

Tarehe 22 Februari 2021 shule zikafunguliwa. Hapo awali tulikuwa tumekusudia kumlaumu mwalimu wake. Lakini tulipofika mlangoni mwa darasa tukaona watoto wamebanana kwenye madawati, kwani tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure katika shule za serikali, mwaka 2019, wengi sana wameingia. Tukakumbuka jinsi mtoto mmoja tu alivyotumalizia subira. Badala ya kumlaumu mwalimu tulimshukuru, tukamwuliza tumsaidie namna gani. Akajibu: «Endeleeni kuifunika picha.»

Wazazi wenzetu, msingoje shule zifungwe. Jioni hii, baada ya chakula, mketi karibu na mtoto wenu, mfungue kitabu chake, mwonyesheni neno moja la katikati. Na akinyamaza, msipige meza.