Nilimwandikia "Nakuombea" na Sikuomba

Wacha nianze na kitu kinachoniaibisha, ndiyo tukielewana tuelewane.

Usiku mmoja wa Novemba, rafiki yangu aliye Bungoma alinitumia ujumbe: "Niombee, mambo si mazuri." Nilikuwa kitandani nikimalizia kukata video. Video yenyewe ilikuwa ya nini? Maombi. Kweli tena. Nikamjibu "Amen dada, nakuombea," nikaweka emoji tatu za mikono, nikarudi kwa kazi yangu. Nilijiambia nikimaliza tu, nitaomba. Nilipomaliza nikapitia stetasi za watu kidogo. Nikaona harusi ya msichana tuliyesoma naye, nikaona viatu vinauzwa, nikaona jamaa mmoja akicheza densi na mbuzi, nikacheka peke yangu. Nikalala.

Wiki tatu baadaye tukakutana Kitale, kwa steji ya magari. Akanishika mikono yote miwili. Akaniambia, "Usiku ule nilikuwa nimefika mwisho. Kitu kilinifanya nilale ni kujua kuna mtu mmoja ananiombea."

Huyo mtu mmoja ni mimi. Na huyo mtu mmoja hakuwa ameomba hata sekunde moja.

Sikumwambia. Nilitabasamu nikasema Mungu ni mwema, nikapanda matatu ya Kachibora. Njia nzima niliangalia mashamba kupitia dirishani na sikuona kitu.

Sasa, kanisani tukifundishwa kuhusu vitu vinavyotutoa kwa Mungu, tunaonyeshwa vitu vibaya. Klabu. Pombe. Wavulana. Lakini usiku ule sikufanya kitu kibaya. Nilikuwa nyumbani, nimevaa soksi, nahariri video ya Yesu! Hata wale wanafunzi pale Gethsemane hawakuwa wanatenda dhambi kubwa. Yesu aliwaomba wakeshe naye na wao wakasinzia, basi. Walikuwa wamechoka. Kilichonishinda mimi ni neno moja dogo tu: baadaye. Nitaomba baadaye.

Mtu aliyenifanya nilione hivyo ni kukhu, nyanya yangu. Na hakunihubiria. Nilimwangalia tu akilinda mahindi.

Kama hujawahi kufika huku, Trans Nzoia ni mahindi. Kuanzia Oktoba mpaka Disemba tunavuna, na kila mwenye nafasi mbele ya nyumba anatandaza turubai na kuanika. Unyevu lazima ushuke mpaka asilimia 13.5, la sivyo ukipeleka kwa bodi ya nafaka unarudishwa nayo. Na ukiweka mahindi mabichi kwa gunia, yanashika sumukuvu, na hiyo inaua watu. Shida ni kwamba mvua ya huku haina adabu. Saa sita jua kali, saa nane wingu limeshuka kutoka milima ya Cherang'any.

Kukhu akilinda mahindi hayakodolei macho. Anachambua mboga. Anaongea na jirani kupitia ua. Anafukuza kuku. Anapokea simu na kupiga kelele kana kwamba mtu wa Bungoma atamsikia bila mtandao. Lakini upepo ukibadilika tu, yeye ndiye wa kwanza kusimama. Hasemi, "Wacha nimalizie hii mboga." Mboga inaanguka chini, turubai linakunjwa. Sisi wajukuu tuko ndani na visikizi masikioni, tunajua kuna mvua akishaita majina yetu yote matatu.

Hapo nikaelewa. Kukhu ana shughuli nyingi kuniliko. Tofauti ni kwamba sikio lake liko nje, na likisikia, anainuka saa hiyo hiyo.

Yeye alilelewa katika kanisa la Friends, wale wanaoitwa Quakers. Wamishonari wao Wamarekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi iliyo na Quakers wengi kuliko Kenya. Ibada zao za zamani zilikuwa za kuketi kimya na kumngoja Mungu. Siku hizi makanisa yao mengi huku yana kwaya na mahubiri kama mengine. Lakini kukhu alibaki na kile kimya. Asubuhi kabla ya kukamua ng'ombe, anaketi kando ya kitanda, hasemi kitu. Siku moja nikamuuliza, "Kukhu, huwa unasemanga nini hapo?"

"Sisemi. Nangoja kuona nitaletewa nani."

Akiletewa mtu, yaani jina likimjia, anamwombea hapo hapo. Wakati mwingine anaitisha simu yangu ampigie.

Mimi asubuhi huletewa watu pia. Naletewa mia mbili na simu kabla sijatoka kitandani, na hakuna hata mmoja ninayemwombea.

Najua kuna dada anasoma hii akisema, "Wewe una muda. Mimi nina kazi." Nakusikia. Tena tuseme ukweli kuhusu ile hadithi ya Martha na Mariamu. Kukiwa na ibada ya nyumbani, wanaume wanaketi sebuleni na Biblia, sisi tuko jikoni na sufuria ya chai na machozi ya vitunguu. Halafu mhubiri anasema wanawake msiwe kama Martha. Sawa, na hiyo chai ataipika nani? Malaika?

Ukisoma Luka 10 pole pole, Yesu hakumkemea Martha kwa sababu ya kupika. Alimwambia anahangaika na mambo mengi. Na akamtetea Mariamu abaki pale chini miguuni, mahali pa mwanafunzi. Kwa hivyo kama nyumbani kwenu wasichana hawawezi kuketi wakasikia Neno mpaka vyombo viishe, hiyo si tabia ya kiroho. Ndugu yako ana mikono. Mwite akoroge chai. Chai ikichelewa dakika ishirini, hakuna mtu amewahi kufa.

Lakini hata ukipewa nafasi ya kuketi, hiyo "baadaye" inaweza kuketi kando yako. Kwa hivyo mimi nimeanza na kitu kidogo sana. Mtu akiniandikia niombee, simjibu kabla sijaomba. Hata kama niko kwa matatu, hata kama ni sentensi moja na macho yangu yako wazi. Nikishaomba ndiyo naandika "nimekuombea." Si "nakuombea" tena. Herufi zimebadilika chache tu, lakini sasa nikiandika najua ni ukweli.

Cha pili, simu yangu inalala sebuleni. Alamu niko nayo kwa kabambe ya zamani, ile haina chochote cha kunionyesha saa kumi na moja asubuhi. Cha tatu, nikiomba sijirekodi. Nilikuwa nafanya hivyo, nikijua kabisa taa inaniangukia vizuri upande gani. Samahani kwa wale mliopenda zile video.

Si ati nimefaulu. Jumanne iliyopita nilimwendea simu sebuleni usiku kama mwizi. Ila Jumatano nilianza tena.

Na yule rafiki yangu? Niliishi na ule uongo siku nne. Siku ya tano nikampigia, nikamweleza yote, mpaka yule mbuzi wa densi. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amekata. Kisha akauliza polepole, "Sasa usiku ule ni nani alikuwa ananiombea?"

Sikuwa na jibu. Bado sina, ingawa nina mtu ninayemshuku, na huwa anaketi kando ya kitanda kabla ya kukamua ng'ombe.

Mwishowe akasema, "Basi niombee sasa." Nikaomba. Naye akaniombea mimi. Tuliomba mpaka kredo ikaisha katikati ya sentensi yake.

Wewe je, wiki hii kuna mtu umemwandikia "nakuombea"? Fungua mazungumzo yenu uone jina lake. Halafu weka simu chini, dakika mbili tu. Utakuja kuniambia.