Zamu Yetu Katika Jahazi

Ndugu wasomaji, sisi watu wa Endagikot hatuna bahari. Tumezaliwa katika nchi ya Mbulu, juu ya vilima vipitavyo futi 5,000, na maji makubwa tuyajuayo ni ya ziwa Manyara na ziwa Eyasi. Mtoto wa kwetu akisoma katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27, jinsi Mtume Paulo alivyovunjikiwa na merikebu, hutuuliza, "Mwalimu, merikebu ni kitu gani?" Nasi kwa miaka mingi tulimjibu kwa kuchora ubaoni kitu kilichofanana na kiatu chenye bendera. Leo twataka kuwaeleza habari za mabaharia, kwa kuwa tumepata kusafiri nao. Lakini habari hizo hazisemeki vema bila kutaja kosa letu wenyewe.

Mwaka 2011, tulipokuwa wageni katika kazi ya ualimu, fedha za daftari za watoto zilipotea mezani petu. Tulimshuku mvulana mmoja wa darasa la saba, kwa sababu moja tu, ya kwamba yeye ndiye aliyefagia chumba siku ile. Hatukuuliza sana. Tulimsimamisha mbele ya wenzake wote, tukamwita mwizi, tukampiga. Juma lile lile akatoroka nchini. Baada ya miezi miwili fedha zile tukaziona, zimeanguka nyuma ya mtoto wa meza. Tukazirudisha kimya kimya. Bali jina jema la yule mtoto hatukulirudisha.

Hata mwaka 2017 baba yake akapata habari ya kwamba mwanawe yu hai, naye ni baharia huko Bagamoyo. Mzee akaja nyumbani kwetu, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma na njia waijua. Nenda ukaniletee mwanangu." Hakujua ya kuwa fedha zilionekana. Tulitaka kumwambia, ulimi ukawa mzito; tukakubali safari. Shule zilipofungwa mwezi wa Juni tukapanda motokaa ya abiria hadi Arusha, kisha Msata, na kutoka Msata hadi Bagamoyo.

Bagamoyo ni mji wa kale. Ndipo Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yao mwaka 1868, na ndipo mwili wa Daktari Livingstone ulipofikishwa mwaka 1874, ukavushwa kwenda Unguja. Sisi tulitazamia kuona gati refu la mawe. Kumbe tulikuta mchanga tupu. Maji yakitoka, vyombo hukaa pwani vimeegemea ubavu kama ng'ombe waliolala, na wapagazi huenda kwa miguu katika tope na maji, magunia kichwani, mpaka ubavuni mwa chombo. Maji yakijaa, chombo huelea chenyewe. Basi saa ya kazi haikuwekwa na bwana ye yote, bali na mwezi: siku za bamvua maji hujaa sana na kutoka sana, na siku za maji mafu hayapandi vya kutosha.

Hapo tukamwona kijana wetu, amekuwa mtu mzima, gunia begani. Akatutambua, akaweka mzigo chini, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitikia marahaba, na maneno tuliyoyatunga njiani yote yakapotea. Akatupeleka kwa nahodha. Tulipotaka kulipa nauli, nahodha akacheka, akasema, "Chomboni mwangu hamna abiria, Mwalimu. Kila mtu ana zamu." Ndipo akatuandika pamoja na watu wake kwa safari ya Unguja.

Jahazi lile lilikuwa na watu tisa: nahodha, sarahangi ambaye ni msaidizi wake, mabaharia sita, na mpishi, kijana mdogo kuliko wote. Lina mlingoti mmoja ulioinamia mbele, na juu yake hutwekwa foromali, yaani mti mrefu ulioungwa, uchukuao tanga la pembe tatu. Injini ndogo ilikuwamo, lakini kwa bei ya mafuta nahodha aliiwasha bandarini tu. Kati ya mbao hupigwa pamba iliyolowa mafuta ili maji yasipite. Kazi hiyo huitwa kalafati. Vyombo vya zamani zaidi, kama mitepe ya Lamu, havikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za usumba. Kitabu cha Wayunani, kilichoandikwa karibu miaka 2,000 iliyopita, chataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu hii.

Pepo nazo ni mabwana wa kazi. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Ndiyo iliyoleta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi. Kusi hufuata, ikavirudisha kwao. Sisi tulisafiri wakati wa kusi, ambao kwa mtu aendaye Unguja kutoka Bagamoyo ni upepo mwema, ingawa bahari huchafuka. Njia ni ya kilomita 45 hivi.

Tuliondoka karibu na saa 10 ya usiku, maji yalipojaa. Mabaharia wakashika kamba, wakalipandisha foromali kwa kuimba, mmoja akitoa na wengine wakipokea. Na wimbo ule haukuwa mchezo, bali ndio uliowafanya wavute kwa pamoja. Nahodha alisema maneno machache sana. Wahenga wamenena, manahodha wengi chombo huenda mrama. Pale sauti ya amri ilikuwa moja, na mikono ilikuwa mingi. Kulipopambazuka wenzetu Waislamu wakasali, nasi tukasali sala zetu kando, wala hapana aliyemdharau mwenziwe. Mpishi akapika chai na uji juu ya jiko lililowekwa katika sanduku la mchanga. Wote walikula pamoja, nahodha naye.

Sasa twafika penye aibu yetu. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja, na maji yaingiayo hukusanyika ngamani, chini kabisa. Lazima mtu ayaangalie na kuyafua kwa ndoo kila mara. Saa 1 ya asubuhi zamu hiyo tukapewa sisi: tuangalie alama iliyochorwa, maji yakiifikia tuite watu. Lakini katikati ya mlango wa bahari mawimbi yakazidi, tukashikwa na kichefuchefu kikali. Tukalala nyuma ya magunia, tukisema moyoni kwamba ni kwa dakika moja tu. Tukapitiwa na usingizi.

Sarahangi ndiye aliyehisi ya kuwa jahazi limekuwa zito. Akapiga kelele. Tulipoamka, kijana wetu alikuwa amekwisha ruka ngamani, maji yakimfika magotini, na ndoo zikipita mkono kwa mkono. Wakafua kwa muda mrefu. Hapana aliyeuliza kosa ni la nani, maana maji hayangoji hukumu. Magunia matatu ya maharage yakawa yamelowa, nayo ni maharage ya nchi za juu kama yale tulimayo kwetu.

Chombo kilipopata wepesi wake, nahodha akaja akaketi karibu nasi nyuma, akauliza kwa sauti ya chini zamu ilikuwa ya nani. Tukakiri kwamba ilikuwa yetu. Akasema, "Ahsante kwa kusema kweli, Mwalimu. Kuugua si kosa. Kosa ni kutomwita mwenzio. Na mimi ninalo langu, maana nilimpa mgeni zamu peke yake." Akaondoka, wala hakulitaja tena jambo lile mbele ya watu.

Tulifika bandari ya Malindi, mjini Unguja, baada ya adhuhuri. Shehena ilipokwisha shushwa, hesabu ikafanywa hadharani. Desturi yao ilikuwa hivi: kwanza hutolewa gharama za chakula na bandari, na hasara kama ipo, kisha nusu ya masalio ni ya mwenye chombo, na nusu ya pili hugawanywa kwa mabaharia, nahodha akipata mafungu mawili. Hatusemi kwamba mabaharia wote hutendewa haki. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait miaka ya 1938 na 1939, kutoka Aden hadi Unguja na Rufiji, alieleza jinsi mabaharia wale walivyofungwa na madeni mwaka hata mwaka. Lakini katika jahazi letu hesabu ilikuwa wazi. Bei ya magunia matatu ikakatwa. Tukaomba tuilipe sisi. Nahodha akakataa, akisema hasara ya chombo ni ya chombo. Basi tukamwona kijana wetu akipokea fungu lililopunguzwa kwa usingizi wetu. Akalihesabu, akalikunja, akalitia mfukoni, wala hakututazama kwa jicho baya.

Yule tuliyempiga kwa kosa asilolitenda, sasa alilipa kwa kosa tulilolitenda sisi. Jioni ile, pwani, tukamwambia habari zote za fedha na za mtoto wa meza, tukamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Baba anajua?" Tukajibu kwamba hajui. Akasema, "Basi, Mwalimu, kamwambie baba kwanza, na wale waliokuwapo siku ile. Mimi nitakuja baada ya hapo."

Tukarudi Endagikot peke yetu. Tulimweleza mzee nyumbani kwake, na Jumapili iliyofuata, kwa ruhusa ya wazee wa kanisa, tukasema mbele ya watu wote baada ya ibada. Mzee hakutujibu neno. Kwa miezi mitatu hakupokea salamu yetu, nasi hatukumlaumu. Wakati wa Noeli kijana akaja, amemletea mama yake kanga mbili. Mzee ndiye aliyemtuma mtoto kutuita tule pamoja. Januari kijana akarudi baharini, kwa radhi za baba yake, maana ile ndiyo kazi yake.

Ndugu wasomaji, nasi walimu wenzetu hasa, tumejifunza haya katika jahazi. Nyumba, shule na kanisa ni vyombo vya mbao, havikosi kuvuja. Maji yaonekanapo, tuyafue kwanza sote. Kisha tuulize, kwa sauti ya chini, na wa kwanza wa kuulizwa awe yule aliyekuwa na zamu, hata kama ni mwalimu mwenyewe.