Saa ya Babu

Mimi ni wa darasa la sita. Ninataka kuwaelezea habari ya saa moja ya mukono ambayo iliniondolea usingizi majuma matano.

Munajua kwamba simu haiingii katika chumba cha Egzamini ya Serikali. Kwa sababu hiyo babu alivua saa yake akanipa, akasema: «Kamata. Utajua wakati wako.» Ile saa, baba yake aliinunua alipokuwa anatumika kazi ya reli. Haina batri, ni ya kujaza kwa vidole. Babu alikuwa anaijaza kila magaribi mbele ya maombi, tangu sijazaliwa.

Juma la kwanza tu ikaniponyoka penye bomba, ikaanguka juu ya sima. Kioo hakikuvunjika, lakini ilinyamaza. Babu alipouliza habari yake nikajibu: «Iko muzuri, babu.» Juma lililofuata akauliza tena, na mimi nikarudilia uongo uleule.

Fundi wa kwanza aliitazama kidogo tu. «Hii ilishakufa. Nitatosha vyuma vya ndani, nitatia vya batri, kesho inatembea.» Bei yake ilikuwa ndogo, na mugongo wa saa unafungwa, nani ataona? Nilikaribia kukubali. Kisha nikawaza vidole vya babu magaribi, vinazungusha kile kichwa cha saa na ndani hakuna kitu cha kujaza. Nikairudisha mufukoni.

Fundi wa pili ni muzee mwenye meza ndogo pembeni ya soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Yeye aliifungua, akatia kioo cha kukuza kwenye jicho, akaniita: «Kuya uone, mutoto.» Akanionyesha gurudumu linaloitwa balansi. Ndilo linakwenda na kurudi, na katika saa kama hii linapiga mara 5 kwa sekunde moja, maana yake mara 18.000 kwa saa moja. Linasimama juu ya mutimba mwembamba wa chuma, na ncha zake ni karibu sehemu ya kumi ya milimita, zinazungukia ndani ya vijiwe vyekundu. Saa za zamani kama hii hazina kinga ya kuanguka. Ncha moja ilikatika, basi.

Mimi nikauliza kipande kitapatikana wapi, maana jina la saa limekwisha kufutika juu ya uso. Akacheka. «Jina ni la muuzaji. Angalia chini ya balansi.» Kulikuwa herufi AS na namba 1130. Akaeleza kwamba viwanda vingi vya Uswisi havikutengeneza vyuma vya ndani vyenyewe, vilinunua kwa kiwanda kimoja kama A. Schild cha mji wa Grenchen, kisha kila kimoja kikaandika jina lake. Kwa hiyo saa mbili zenye majina mbalimbali zinaweza kuwa na roho moja. Kazi yangu ilikuwa kutafuta maiti yenye namba ile.

(Mwalimu wetu wa historia aliniambia kwamba Geneva, mji wa Calvin, ulikuwa na chama cha mafundi wa saa tangu 1601, na Waprotestanti waliokimbia mateso ya Ufaransa waliongeza ufundi ule. Nilifurahi kusikia, lakini haikunipa kipande.)

Nilizunguka kwa wauza vyuma majuma mawili. Wengine walinionyesha saa za batri, mumoja alinifukuza. Mwishoni nikamupata muzee mumoja Likasi, mwenye saa mbovu ndani ya sanduku la bati. Tulifungua kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa na kutu kwenye resoti, mishale haipo, lakini namba ilikuwa 1130 na balansi yake ilicheza nilipoipulizia. Nikalipa kwa feza niliyoweka kwa kununua viatu.

Fundi hakutosha mutimba peke yake. Alichukua balansi nzima pamoja na kisoti chake chembamba kama unywele, sababu vilishazoeana. Mimi nilitaka kukwangula rangi ya kijani iliyokauka juu ya mishale ya babu, akanipiga mukono. Rangi ile ya kuangaza usiku zamani iliwekwa radiumu, ambayo haiishi upesi: nusu yake tu inapotea katika miaka 1.600. Vumbi lake ni sumu. Na radiumu nyingi ya dunia, tangu 1922, ilitolewa katika mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi palepale!

Siku ya kwanza saa ilitangulia dakika 7. Akasogeza kijiti kidogo, ikachelewa dakika 2, kisha ikakaa sawasawa.

Magaribi nikamupelekea babu. Hakutazama uso wake. Akaiweka kwenye sikio, akakaa kimya muda mrefu. «Inatembea», akasema. «Lakini sauti si ileile.»

Nikamueleza yote, tangu bomba mupaka Likasi, na ule uongo mara mbili. Akaijaza polepole, akahesabu mizunguko, akanifunga mwenyewe mukononi.

«Egzamini inaanza siku gani?» akauliza.