Msomaji Asiyejaza Mapengo

Mwaka 2025, katika chumba changu mtaani Umoja, juu ya duka la kinyozi ambaye redio yake haizimwi, niliandika mwongozo wa programu inayomwezesha wakala wa akili unde kuhariri moduli za kozi mtandaoni. Kozi zenyewe zilikuwa za Kiswahili, katika Moodle, mfumo ulioasisiwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002. Mimi si mtaalamu wa tarakilishi. Niliitwa kwa ajili ya lugha.

Niliandika: “Amri hii hubadilisha maelezo ya moduli.” Sentensi safi, au ndivyo nilivyodhani. Kumbe amri ilifuta maelezo yote na kuweka yaliyotumwa. Wakala aliombwa kusahihisha tahajia ya neno moja. Akatuma sentensi moja. Maelezo ya mhadhiri kuhusu ngeli yakatoweka, pamoja na mifano ya upatanisho aliyoikusanya kwa wachuuzi wa Kariobangi.

Wolfgang Iser alitufunza kwamba matini ina mapengo, na msomaji ndiye huyajaza. Amenifaa sana katika tasnifu. Katika mwongozo alinitia hasarani.

Nilipompigia mhadhiri simu hakunigombeza. Aliuliza tu kama nilihifadhi nakala. Sikuwa nimehifadhi.

Usiku huo niliandika upya: “Amri hii hufuta maelezo yote yaliyopo. Yasome kwanza, uyahifadhi, kisha utume yote, hata sehemu usizozibadili.” Mifano ya Kariobangi tunaikusanya tena, kila Jumamosi, kibanda kwa kibanda.